Milioni moja ya friza: kausha damu, simu, benki, SACCOS, VICOBA au upatu?

Karatasi aliyonipa jirani yangu ilianza na orodha ya vitu vya ndani: godoro futi tano kwa sita, televisheni inchi 32, sabufa, jiko la gesi na mtungi wake, kabati la vyombo. Mbele ya kila kitu kulikuwa na bei ya kukadiria, mwandiko wa afisa mikopo aliyepita nyumbani kwake jana yake. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya saini yake, saini ya mume wake na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa.

"Mwalimu, hebu niangalizie. Wamesema nikisaini leo, kesho saa nne pesa ninayo."

Ilikuwa mwanzoni mwa Januari, Kihonda, Morogoro. Jirani anauza barafu za ubuyu, juisi na vitumbua karibu na lango la shule ya msingi. Barafu alikuwa akigandisha kwenye friza ya mtu kwa kulipia, na siku mwenye friza akisafiri, biashara inalala. Alitaka friza yake mwenyewe. Dukani aliambiwa Sh1,000,000.

Mimi nimekaa miaka minne kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS ya walimu, yaani chama chetu cha ushirika cha akiba na mikopo, kwa hiyo ijulikane mapema kwamba naipenda SACCOS. Lakini siku ile hatukuanza na SACCOS, wala na riba. Tulifungua daftari nikamuuliza pesa yake inaingia lini na inakauka lini. Akafikiri kidogo, akasema: wiki ya masomo anabaki na kama Sh70,000 baada ya kununua mzigo mwingine. Masika, siku za baridi, barafu hazitoki. Juni na Desemba shule zikifungwa, haingii karibu kitu. Chakula cha nyumbani kinabebwa na bodaboda ya mume wake.

Majibu hayo ndiyo yaliyoamua kila kitu kilichofuata. Mkopo una mwendo wake, na kipato kina mwendo wake. Visipokwenda pamoja, hata riba ndogo itakutoa jasho.

Kausha damu: pesa ya kesho saa nne

Karatasi ile ilikuwa ya kausha damu, kama mtaani wanavyouita mkopo wa haraka wa riba kubwa. Masharti yake yalikuwa hivi: mkopo wa Sh1,000,000, rejesho Sh110,000 kila wiki kwa wiki 12. Ada ya fomu Sh50,000 inakatwa kabla hajapokea. Maana yake mkononi zinaingia Sh950,000, na zinazotoka hadi mwisho ni Sh1,320,000. Gharama ya kuishika pesa hiyo kwa wiki 12 ni Sh370,000.

Lakini tazama mwendo. Yeye anabaki na Sh70,000 kwa wiki, rejesho ni Sh110,000. Tangu wiki ya kwanza tayari kuna pengo la Sh40,000. Pengo hilo huzibwa na nini? Kwa mkopo mwingine. Hapo ndipo jina la kausha damu linapotoka. Watu hukopa kwa huyu wakamlipe yule, Jumatatu wanamkimbia mmoja, Alhamisi wanamkimbia mwingine, na mwisho wa yote pikipiki ya mizigo inasimama mlangoni kuja kubeba lile godoro la kwenye orodha.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma hawa katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wakopeshaji binafsi, wako daraja la pili na wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Ukomo wa riba yao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni moja, kwa miezi mitatu, riba ya juu kabisa ingekuwa Sh105,000. Yeye alikuwa anatozwa Sh320,000, mbali na fomu. Nikamwambia aombe kuona leseni na apewe nakala ya mkataba aondoke nayo. Nakala alinyimwa. Mkopeshaji anayekataa usiondoke na karatasi utakayoisaini amekwisha kukujibu maswali yako yote.

Hata pale asilimia 3.5 inapofuatwa, uliza inahesabiwa juu ya nini. Kwa Sh1,000,000 ya miezi 12, riba ikitozwa kila mwezi juu ya milioni nzima, utalipa riba Sh420,000. Ikitozwa juu ya deni lililobaki tu, utalipa kama Sh242,000. Asilimia ni ileile, mwezi ni uleule, tofauti ni Sh178,000. Swali la kuuliza ni fupi: "Riba inapungua deni likipungua?" Kama jibu ni la kuzunguka, hesabu kwamba haipungui.

Simu: tamu ikitumika mara moja

Kikomo chake kwenye mkopo wa simu kilikuwa Sh180,000, ada asilimia 9, siku 30. Friza hainunuliki kwa hiyo, kwa hiyo tungeweza kuiacha. Lakini aliniuliza swali zuri: si angekopa, akalipa, akakopa tena?

Tukapiga hesabu. Asilimia 9 ya Sh180,000 ni Sh16,200. Kwa mwezi mmoja, mtoto anaumwa na mshahara unatoka wiki ijayo, hiyo si bei mbaya. Lakini ukilipa leo na kukopa tena leo, mwezi hadi mwezi, mwaka mzima, utakuwa umelipa ada Sh194,400. Ada imeupita mkopo wenyewe, na ile Sh180,000 bado unadaiwa.

Huduma za kukamilisha muamala, kama Songesha, zina hatari hiyohiyo kwa udogo zaidi. Salio halitoshi, mtandao unakujazia, unakatwa pesa ikiingia. Nimeona watu ambao kila pesa inayoingia kwenye simu inamezwa na deni la jana, halafu wanasongesha upya kabla jua halijazama. Ukifika hapo, mpe mtu pesa taslimu akutunzie wiki moja, ulipe, upumzike.

Halafu kuna programu za mikopo za kupakua mwenyewe, zisizo za mtandao wa simu wala benki. Hizi zinaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa siku mbili wanampigia mkwe wako, bosi wako, mchungaji wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Programu ikiomba kuingia kwenye majina na picha zako ili ikupe Sh30,000, ifute.

Deni dogo la simu usilidharau pia kwa sababu nyingine. Taarifa za wakopaji hupelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet. Sh20,000 uliyoiacha kwenye laini uliyoitupa inaweza kukusubiri siku unayoomba mkopo wa kiwanja.

Benki, kwa mgongo wa kaka

Jirani hana mshahara, ila kaka yake ni mtumishi wa halmashauri. Alikuwa tayari kumchukulia mkopo benki. Hapa nilitumia muda mrefu zaidi, kwa sababu kwa namba tupu hili lilikuwa zuri.

Tuchukue riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayopungua kadiri deni linavyopungua. Kwa miezi 12, rejesho ni Sh90,731 kwa mwezi, na riba yote ni kama Sh88,800. Kwa wiki hiyo ni kama Sh21,000. Ukilinganisha na Sh110,000 za kausha damu, ni mbingu na ardhi.

Ila afisa wa benki hakumpigia kaka hesabu ya miezi 12. Alimpigia ya miezi 60, kwa sababu makato yanaonekana madogo: Sh24,318 kwa mwezi. Nani asiyeipenda namba hiyo? Lakini kwa miaka mitano, riba ya milioni ileile, kwa asilimia ileile 16, inakuwa kama Sh459,000. Friza inaweza kufa kabla deni lake halijaisha. Sisi walimu tunalijua jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote. Kuna wenzangu waliochukua mkopo wa kumalizia nyumba, kisha wakauongeza kwa ada za shule, kisha wakauongeza tena kwa harusi, na kila kuongeza deni la zamani linaviringishwa ndani ya jipya na miaka inaanza kuhesabiwa upya kutoka moja.

Kaka mwenyewe alikuwa na mkopo wa nyumba unaoendelea, na bodi ya mikopo ya elimu ya juu inamkata asilimia 15 ya mshahara. Mtumishi hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na yeye alikuwa ameukaribia mstari huo. Ili apate hii milioni, benki ingeviringisha deni lake la zamani pamoja na jipya kwa miaka mitano. Yaani friza ya dada ingemrefushia yeye deni la nyumba. Nilimwonyesha jirani jambo hilo kwenye karatasi ya mshahara ya kaka yake, akakaa kimya, kisha akasema: "Hapana. Ana watoto."

Nadhani alifanya vyema, hata kama ndiyo pesa iliyokuwa nafuu kwa macho. Mkopo uliochukuliwa kwa jina la ndugu hukatwa Juni kama unavyokatwa Machi, shule ifunguliwe au ifungwe, na anayekatwa si aliyeinywa pesa. Undugu mwingi umeishia hapo.

Kama wewe mwenyewe ni mwajiriwa na unakopa kwa jambo lako, maoni yangu ni tofauti: benki kwa muda mfupi unaouweza ni chaguo safi. Omba jedwali la marejesho la miezi 12, 24 na 60 kwenye karatasi moja, pamoja na ada ya mkopo na bima. Ulizia pia adhabu ya kulipa mapema. Tazama mstari wa jumla, kisha ndiyo utazame rejesho la mwezi.

SACCOS: nafuu kuliko zote, kwa aliyeanza mapema

SACCOS yetu inatoza asilimia moja kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Milioni moja kwa miezi 12 ni rejesho la Sh88,849, riba yote kama Sh66,200. Sijui mahali pengine ambapo mtu wa kawaida anapata pesa kwa bei hiyo. SACCOS iko daraja la tatu la sheria ile ya 2018, na leseni yake inatoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Iombe uione kabla hujaweka hata shilingi.

Jirani hakuwa mwanachama popote. Pesa aliyoihitaji Januari ingepatikana labda Mei au Juni, baada ya kiingilio, hisa na akiba. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo kwa milioni moja awe na walau Sh334,000 ndani. SACCOS haimfai mtu aliyebanwa leo. Inamfaa anayejua kwamba mwakani atabanwa.

Na ina mwiba mmoja ambao watu hawausemi. Ni udhamini. Nilimdhamini mwenzangu tuliyekuwa tukikaa dawati moja ofisini. Akahama mkoa, makato yakasimama, na baada ya barua tatu kamati, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa mjumbe wake, ilichukua Sh430,000 kutoka kwenye akiba yangu. Kwa kanuni walikuwa sahihi. Nilipitisha uamuzi ule kwa mkono wangu. Tangu hapo, mtu akiniletea fomu ya udhamini, najiuliza kama niko tayari kumpa hizo pesa bure. Kama siko tayari, sisaini, hata awe nani.

VICOBA na upatu

Jirani alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuvihesabu kama benki, kwa sababu vilikuwa vya kila siku mno. Kikundi cha VICOBA kinachokutana Jumamosi chini ya mwembe, na upatu wa wanawake 20.

Sanduku la kikundi lao ni la chuma, limepakwa rangi ya kijani, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wanaokaa mitaa tofauti. Halifunguliwi ila wote watatu wapo na daftari liko wazi. Anayekuja amechelewa analipa faini ya Sh500 mbele ya wote. Naona kuna ulinzi hapo ambao programu ya simu haina: kila mtu anajua nani amekopa kiasi gani, na kwa ajili ya nini.

Alikuwa na hisa za Sh280,000. Angeweza kukopa mara tatu, Sh840,000, kwa asilimia 5 kwa mwezi, arejeshe ndani ya miezi mitatu. Asilimia 5 si ndogo, ni kubwa kuliko ule ukomo wa wakopeshaji wenye leseni. Tofauti ni kwamba riba hiyo inabaki kwenye sanduku, na mwisho wa mwaka wakivunja na kugawana, sehemu yake inamrudia yeye mwenyewe. Tatizo lilikuwa muda. Sh840,000 kwa miezi mitatu, pamoja na riba, ni Sh322,000 kwa mwezi. Haziwezi kutoka kwenye Sh70,000 za wiki.

Tukageukia upatu. Kila mmoja anatoa Sh20,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anapokea Sh400,000. Walianza katikati ya Novemba. Zamu yake ilikuwa ya 14. Alikwenda kwa kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, kijumbe akaongea na mwenye zamu ya tisa ambaye hakuwa na haraka, wakabadilishana. Jirani alimpelekea mwenye zamu hiyo doti ya khanga kama asante, Sh15,000, nami nikaiandika kwenye hesabu, kwa sababu ni gharama.

Upatu una uzuri ambao hauonekani mpaka uandike. Katika zile Sh400,000 alizopokea wiki ya tisa, Sh180,000 zilikuwa akiba yake mwenyewe na Sh220,000 zilikuwa mkopo wa wenzake usio na riba, wa wiki 11. Hatari yake nayo iko hapohapo: wa mwisho hana ulinzi wowote ila uaminifu wa waliokwisha kupokea. Usicheze na watu usiojua wanakolala.

Kubwa zaidi, tulirudi kwenye ile milioni yenyewe. Lazima friza iwe mpya? Kwa fundi wa majokofu anayemfahamu alipata iliyotumika, lita zilezile, Sh750,000, na fundi akaiwasha mbele yake kutwa nzima. Upatu Sh400,000, VICOBA Sh350,000.

Hizi ndizo namba tulizoziandika kwenye ukurasa mmoja, wa mwisho wa daftari:

| Njia | Mkononi | Rejesho | Gharama yote |
|---|---|---|---|
| Kausha damu, wiki 12 | 950,000 | 110,000 kwa wiki | 370,000 |
| Simu, siku 30 | 180,000 | 196,200 kwa mkupuo | 16,200 kila ukikopa |
| Benki, miezi 12 | 1,000,000 | 90,731 kwa mwezi | 88,800 |
| Benki, miezi 60 | 1,000,000 | 24,318 kwa mwezi | 459,000 |
| SACCOS, miezi 12 | 1,000,000 | 88,849 kwa mwezi | 66,200 |
| VICOBA (miezi 3) na upatu | 750,000 | 134,167 kwa mwezi, na 20,000 kwa wiki | 67,500 |

Kwa benki, ongeza ada na bima watakazokutajia.

Utaona VICOBA na upatu kwa wiki vilimtaka kama Sh51,000, mara mbili ya mkopo wa kaka na zaidi. Ni mzigo mzito. Lakini ulikuwa mzito kati ya Januari na Aprili, miezi ambayo kwa sehemu kubwa lango la shule limejaa watoto, na ungeisha kabla ya Juni.

Kwa mtu mwingine ukurasa huu ungesomwa tofauti. Mkulima wa mpunga wa Kilombero, ambaye pesa yake inaingia mara moja kwa mwaka, asiguse kabisa mkopo wa marejesho ya kila wiki. Atafute wa kulipa baada ya mavuno, hata riba ikiwa kubwa kidogo. Dereva wa bodaboda anaweza kubeba rejesho la kila siku, ila ahesabu siku sita, si saba, na atenge za matengenezo. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wenye kikundi waulize ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4, 4 na 2. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejea 2024, haina riba. Inataka subira na makaratasi, na kikundi cha kweli. Wale waliounganishwa jioni moja ili wapate fedha hugombana kabla ya rejesho la pili.

Na akiba usiiache yote kwenye sanduku. Kikundi chao kiliamua mwaka huu kwamba kinachozidi mahitaji ya wiki kipelekwe benki. Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana ya mteja wa benki hadi Sh7.5 milioni. Sanduku la kijani halilindwi na mtu ila zile kufuli.

Jirani alimaliza upatu wiki ya kwanza ya Aprili, na rejesho la tatu la VICOBA Jumamosi ya katikati ya mwezi huo. Mei alilipa kiingilio cha SACCOS ya wajasiriamali, akaanza kuweka Sh10,000 kila wiki. Juni shule ilipofungwa, alichomoa friza kwenye umeme ili luku isiende bure, akaifuta ndani kwa maji ya ndimu na kuacha mfuniko wazi ipate hewa. Nilipopita jioni nilimkuta barazani anachambua ubuyu taratibu, sabufa inapiga ndani.